Tofali la Mtu Mzima: Mwongozo wa Kununua Vipande Ukiwa Kigobe

Kigobe ni mtaa wa Bujumbura unaopenda ujenzi. Kabla hujamaliza chai ya asubuhi lori limeshamwaga mchanga kwa jirani, na ukuta ulioanzishwa Januari umepata seng'enge ifikapo Machi. Kwa hiyo ukimwambia jirani kwamba wewe nawe umeagiza matofali, hatashangaa. Atashangaa siku yatakapofika ndani ya bahasha.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kazi, mwenye shemeji na mwenye ada za shule za kulipa, ambaye jioni moja alikaa mkekani kumsaidia mtoto kuunga gari la plastiki, mtoto akalala, yeye akabaki pale mpaka saa sita usiku. Kama ni wewe, pole. Dawa hakuna, ila kuna taratibu.

1. Andaa kisingizio mapema

Kisingizio cha "ni vya watoto" huharibika upesi, kama maziwa. Siku mtoto atakapoomba kuvichezea nawe ukampigia kelele kwamba atavichafua, kimechacha.

Tumia historia badala yake. Mweleze shemeji kwamba mambo haya yalianzia kwa seremala, na seremala ni mtu wa heshima popote. Ole Kirk Christiansen alianzisha kampuni yake mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund, Denmark. Baadaye akaipa jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kideni yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua, lenye vinundu juu na mirija chini, liliombewa hataza na mwanawe Godtfred tarehe 28 Januari 1958, saa saba na dakika hamsini na nane mchana. Dakika hizo zitaje. Shemeji akisikia dakika, ataona umesoma.

Kisha umalize kwa swali: "Shemeji, ile chaja uliyonunua mwaka juzi inaingia kwenye simu yako ya sasa?" Haiingii. Lakini tofali la 1958 linaingiliana na la leo bila kinyongo. Akiendelea kuguna, mpe hesabu: matofali sita ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Hapo ataomba maji ya kunywa, nawe utakuwa umeshinda.

Kisingizio kimoja tu nakukataza: "ni uwekezaji". Nimekitumia. Mwenzako wa nyumbani ataanza kuuliza faida inaingia lini.

2. Jifunze ununuzi kwa wauza vipuri

Wageni katika uraibu huu hukimbilia simu kusoma maoni ya watu wa Ulaya. Wewe panda basi uende Buyenzi. Kule Kiswahili kimekaa tangu zamani na vipuri vya magari vimejaa mpaka barazani, na ndipo penye chuo kikuu cha kutambua kitu.

Mtazame mnunuzi mzoefu wa bearing ya Probox. Haulizi bei kwanza. Anaipima kwa kiganja, anaipitishia kidole, anaizungusha sikioni kama anayesikiliza redio yenye betri chovu. Muuzaji anaapa: "Mzee, hii ni orijino." Mnunuzi anaiweka chini bila neno. Muuzaji anataja bei nyingine, na orijino imegeuka kuwa "nzuri vilevile".

Chukua elimu hiyo uihamishie kwenye plastiki. Tofali la LEGO lina jina la kampuni juu ya kila kinundu, herufi ndogo ambazo kidole huzijua kabla ya jicho. Kinundu kikiwa kipara, umeshika la mtengenezaji mwingine. Usimtukane aliyekuuzia. Hataza zilikwisha muda zamani, na kampuni ilipojaribu kuzuia umbo lenyewe lisiigwe, Mahakama ya Juu ya Kanada iliikatalia mwaka 2005, na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaikatalia mwaka 2010. Umbo ni la wote. Ambacho si cha wote ni jina na sanduku, na huko ndiko wizi unakoanzia.

Kwa hiyo kuna makundi matatu, kama Buyenzi: orijino, kinachoingiliana, na feki. La kati si dhambi. Dhambi ni kulinunua la kati kwa bei ya la kwanza, halafu kuja Kigobe kutusimulia ulivyopatana.

3. Jua vipande vinakopatikana

Chimbuko la kwanza ni hapahapa mtaani: wafanyakazi wa mashirika wanaorudi kwao. Mkataba ukiisha, wanauza friji, viti, godoro, na ndoo moja ya plastiki ambayo hakuna anayeitazama. Wewe itazame. Lakini usiitazame sana. Panga bei ya friji kwanza, lalamika kuhusu mlango wake, kisha uulize kama kitu kilichosahauliwa: "Na hii ndoo ya takataka za watoto?" Utarudi nyumbani na ndoo. Jihadhari tu usirudi na friji pia.

Chimbuko la pili ni Ruvumera, kule Buyenzi, na penginepo panapofunguliwa marobota ya caguwa. Mtumba huja na mengine: mwanasesere mwenye jicho moja, gari lisilo na gurudumu, na chini kabisa mfuko wa vitofali vilivyochanganyika na sarafu za nchi tatu. Nenda asubuhi. Usitaje neno "lego". Ukilitaja, bei inavaa tai.

Chimbuko la tatu ni mtandao. BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya rejareja, lilianzishwa mwaka 2000, na kampuni yenyewe ya LEGO ikalinunua mwaka 2019. Unaweza kununua hapo bawaba moja ya kijani kwa senti chache za dola. Furaha hiyo inadumu mpaka unapoona nauli ya bawaba kutoka Ulaya hadi Bujumbura, na mpaka unapokumbuka kwamba dola hapa ina bei mbili, ya benki na ya mtaani, na ya benki si kila mtu anaiona.

Kuhusu kulipokea furushi, nina ushuhuda. Nilipofuata la kwanza, aliyekuwa mezani (ofisi siitaji, bado nina vifurushi njiani) alitazama fomu.

"Hapa umeandika matofali."

"Ndiyo, bwana."

"Ya kujengea?"

"Ya kujengea."

"Kiwanja kiko wapi?"

Andika "vitu vya kuchezea". Aibu ni ya dakika tano, lakini hutaulizwa hati ya kiwanja.

Chimbuko la nne ndilo bora kuliko yote: mtu anayekuja. Kila familia Bujumbura ina binamu Brussels. Tofali la vinundu vinane lina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kilo moja ya begi lake hubeba matofali 430 na kidogo. Mwambie binamu kilo tu, idadi mfiche. Naye akirudi, mjazie begi ndagala wakavu. Nguo zake zitanuka ziwa wiki mbili, na hivyo ndivyo tunavyolipana.

4. Pima seti mpya bila kudanganywa na sanduku

Seti mpya ikitangazwa, mlevi mwenzako atakupa kanuni moja: gawa bei kwa idadi ya vipande. Ni kanuni nzuri kwa mtu anayenunua maharage. Tazama inavyoweza kukupoteza.

Seti ya Colosseum ya mwaka 2020 ilikuwa na vipande 9,036, na Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 549.99. Hiyo ni senti sita kwa kipande. Mwaka uliofuata ikaja ramani ya dunia ya kutundika ukutani, vipande 11,695 kwa dola 249.99, yaani senti mbili na ushei. Kwa kanuni ya maharage, ramani ni rahisi karibu mara tatu. Ila vipande vyake karibu vyote ni vidoti vya duara vya kinundu kimoja, vingine hata kinundu havina. Huwezi kujenga navyo ukuta, wala paa, wala banda la kuku.

Na kabla hujaitundika sebuleni Kigobe, fanya hesabu nyingine. Ramani ina vidoti 128 kwa upana. Gawa mzingo wa dunia, kilomita 40,075, kwa hivyo 128: kidoti kimoja kinameza kilomita 313 kila upande. Burundi yote, na vilima vyake na Bunge lake, ni theluthi ya kidoti na haijai. Ziwa Tanganyika lenye urefu unaozidi kilomita 670 linastahili vidoti viwili kwa urefu, na kwa upana halistahili kitu. Umelipa dola 250 ili ujifute duniani kwa mikono yako mwenyewe.

Basi usihesabu vipande. Uliza mambo haya manne:

Je, michoro imechapwa au ni stika? Stika kwenye joto la Bujumbura huanza kuinua pembe kama mgeni anayetaka kuaga.

Je, ukivunja seti, vipande vitakufaa kwa kitu kingine? Tofali la kawaida ni chumvi, linaingia kila chungu. Kipande chenye umbo la mkia wa joka kinamfaa joka tu.

Je, rangi inaoana na uliyo nayo? Mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake kikawa na ubuluu kidogo, na watu wazima wenye nyumba na bima wakalia hadharani. Wakati huo nilicheka. Leo nina makopo mawili ya kijivu, nayo hayakai rafu moja.

Je, kuna kahawia nyingi? Kahawia nyekundu ya miaka ya nyuma ina sifa ya kupasuka bila kuguswa vibaya. Mimi nilitaka kujenga ngoma zetu, zile ambazo UNESCO iliingiza uchezaji wake wa kimila kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na ngoma bila kahawia haiwi. Nilivunja vipande vingi kuliko nilivyounga. Wapiga ngoma wenyewe hupiga kwa nguvu zote na ngoma haipasuki.

5. Panga kwa umbo, si kwa rangi

Kila mgeni hupanga kwa rangi, maana inapendeza kwenye picha. Halafu atafute kipande cheusi kidogo ndani ya kopo la vyeusi, na umeme umekatika. Kwa mshumaa rangi zote ni ndugu. Kidole ndicho kinachojua bawaba, mshazari na bapa. Bapa tatu zikipangwa ni kimo cha tofali moja, milimita 9.6, na hilo nalo utalijua gizani.

Tumia makopo ya maziwa ya unga na trei za mayai. Yaweke mbali na dirisha, kwani jua la hapa litageuza nyeupe kuwa manjano. Vichafu vioshe kwa mkono, sabuni na maji yasiyozidi nyuzi 40. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo, utakuta vimeanikwa juani pamoja na soksi.

6. Jenga kisichouzwa

Washington walipata jengo lao la Bunge katika sanduku mwaka 2016, vipande 1,032, na kijitabu cha maelekezo ndani. Jumba la Bunge la Kigobe halina seti, na usikae kuisubiri. Hii ndiyo sababu pekee ya haki ya kununua vipande vya rejareja: nyumba uliyokulia, kioski cha kona, basi la Buyenzi, hayo hayaji na kijitabu.

Kioski changu kilipokamilika nilimwita zamu wetu wa getini akione. Katika miaka yake ya ujana alikuwa fundi wa magari. Hakutazama kioski. Alichukua matofali mawili mezani, la LEGO na la kinundu kipara, akayaunga, akayatoa, akayaunga tena, kama mara kumi, macho yake kwenye geti. Kisha akayarudisha.

"Yote yanaingia vizuri," alisema. "Kipuri hakipimwi kinapoingia, mzee. Kitoe, ukirudishe, ndipo utakijua."

Lile la kinundu kipara lilikuwa limeanza kulegea. Mimi nilikuwa na daftari zima la bei kugawa kwa vipande.

Basi hukumu ndiyo hiyo: kinachoshika mara ya kumi kama mara ya kwanza, lipia, kisichoshika, mpe mtoto, yeye hana haja ya kuonyesha wageni. Na ukipita Ruvumera ukaona mfuko wenye kijivu cha kabla ya 2004, tafadhali usiuguse. Nimeshamwambia muuzaji nakuja Jumamosi.