Barua ya Wazi kwa Mfalme wa Mbooni

Kwa Mtukufu Mfalme wa Mbooni,
Kasri Kuu, Juu ya Soko la Kikima,
Kaunti ya Makueni.

Mtukufu,

YAH: KUKOSEKANA KWA KASRI LAKO

Natumai barua hii itakukuta salama, ingawa kukukuta ndiko kwenyewe kwenye shida. Mimi na wenzangu ni watalii wa kwenda na kurudi. Tulisikia kwamba Mbooni ndiko kwa kale, ndiko chimbuko la Wakamba, tukafunga chapati, tukapanda matatu, tukazunguka kona zote za mlima hadi masikio yakaziba. Tukashuka Kikima tukiwa na kamera. Hatukuona lango, hatukuona mnara, hata mzinga mmoja wenye kutu wa kupigia picha.

Tukamuuliza mzee aliyekuwa akiuza maparachichi: kasri liko wapi? Akatutazama, akatazama kofia zetu, akauliza, "Kasri la nani?"

Ndipo nikaona nikuandikie wewe mwenyewe.

Wenzako hawakulala, Mtukufu. Ureno, juu ya vilima vya Sintra, wafalme walijenga Kasri la Pena na sasa limepakwa nyekundu na manjano. Watu hutoka Lisbon kwa treni asubuhi na kurudi jioni wakiwa wameridhika. Huko Rwanda, Nyanza ina nyumba ya mfalme iliyoezekwa nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko fimbo ya mchungaji. Waganda wana kasri la Mengo, na makaburi ya wafalme wao huko Kasubi yalipoteketea mwaka 2010 walianza kuyajenga upya. Wewe umetuachia nini? Ukungu na kabichi.

Wala usiseme hukupata nafasi. Masimulizi yanasema watu wako walifika milima hii yapata karne ya 17, wakitokea upande wa Kilimanjaro kupitia Chyulu na Nzaui. Maji yalikuwapo, mvua ilinyesha, adui alionekana akiwa bado mbali. Mahali pazuri pa kuweka kiti cha enzi kuliko hapo ni wapi? Ila walipojaa, badala ya kukusujudia walitawanyika: wengine Iveti, wengine Kilungu, wengine wakavuka mto Athi hadi Kitui. Raia wako walikuhama kabla hujatawazwa.

Na waliobaki walijiendesha kwa aibu kubwa. Wazee wa nzama waliketi chini ya mti, wakasikiliza kesi ya mpaka au ya mbuzi aliyepotea, wakaamua, wakala nyama ya faini, kila mtu akarudi kwake. Hakuna walinzi, hakuna mpiga tarumbeta. Nchi iliendeshwa hivyo vizazi na vizazi, na hakuna mzee hata mmoja aliyefikiria sisi watalii.

Wageni walijaribu kukusaidia. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alimkuta Kivui wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyepeleka misafara Mombasa, akamwandika kuwa chifu mkuu. Karibu tupate mfalme! Lakini Kivui akauawa na wanyang'anyi mwaka 1851, na mambo yakaishia hapo. Waingereza nao walikutafuta wakakukosa, basi mwaka 1902 wakatunga sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Ukipungukiwa na wafalme, unatengeneza wadogo wadogo ofisini. Mwaka 1938 serikali ilipouza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, hakuna mfalme aliyeinua mkono. Ilibidi Muindi Mbingu na maelfu ya watu wasio na cheo watembee hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa mpaka gavana akalegea. Wewe ulikuwa wapi, Mtukufu?

Kwa kuwa kasri halikupatikana, tulionyeshwa mashamba. Nilisimama kando ya shamba moja lililoegemea mlima kiasi kwamba mbuzi angefikiri mara mbili. Mtaro umechimbwa kimo cha goti, udongo umerushwa upande wa juu ukawa ukuta, na juu ya ukuta nyasi za nepia zimekatwa karibuni, bado zinatoa maji. Chini yake mtaro mwingine, na mwingine, mpaka bondeni. Fanya juu, wanaita. Mwaka 1937 afisa wa udongo, Colin Maher, aliandika kwamba wilaya nzima ya Machakos, ambayo Mbooni ilikuwa sehemu yake, inaelekea kuwa jangwa. Tangu hapo hadi mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na miteremko ikashika udongo kuliko zamani. Mwanzoni watu walichimba kwa amri ya mkoloni, wakichukia. Baadaye vikundi vya mwethya, wanawake wengi wao, wakachimba kwa hiari yao, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Kazi nzuri, sikatai. Lakini tiketi inauzwa wapi? Mwongozaji atasema nini: "Hapa alichimba mama fulani, na hapa jirani yake"? Utalii unataka jina moja na sanamu moja.

Usihofu kuhusu warithi, hata hivyo, maana wanajitokeza. Mkutano ukiitishwa, raia hukaa juani kwenye viti vya plastiki, nao warithi wako hufika na ving'ora saa tatu baadaye, wakaketi hemani kwenye sofa zilizobebwa kwa lori, maji ya chupa mezani. Itifaki huzingatiwa hadi jua linazama. Enzi wanazo tayari. Wamepungukiwa na kasri tu, na hilo naamini zabuni itatangazwa. Jiwe la msingi utalipata upesi. Hilo halijawahi kutushinda.

Ukiamua kujitokeza mwenyewe kudai kiti chako, tafadhali anza kwa mzee wa kijiji akuandikie barua, uipeleke kwa chifu pamoja na nakala mbili za kitambulisho. Fika mapema na uvae sweta. Foleni ni ndefu, na wa mbele yako pia anasema yeye ni mtu mkubwa.

Wako mwaminifu,
Mtalii wa Kwenda na Kurudi