Visingizio vya Mvuvi na Fundo Lililochoka

"Samaki wanakula sasa hivi, nitafunga baadaye." Kisingizio hiki kinajulikana kwenye kila mashua inayovua miambani, Shimoni, Mafia mpaka Watamu. Mwenye kukitoa ndiye huyohuyo ambaye baada ya muda utamwona ameinamia maji, fimbo imenyooka, rili imenyamaza, anauliza bahari ina ugomvi gani naye. Mwongozo huu ni wake, nami nauandika kwa mapenzi, maana samaki aliyempoteza alikuwa mkubwa kweli. Neno lake ni moja: ukivua kwa mshipi wa kusuka, ukajikuta unajiuliza kama fundo bado zima, kata ufunge upya. Fundo zima halimtii mtu shaka.

Wengi wetu tulianza na nailoni, na nailoni ina huruma. Mara nyingi hurefuka zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika, kwa hiyo kolekole akitikisa kichwa, mshipi wenyewe unaumeza mshtuko. Mshipi wa kusuka haurefuki hata asilimia 5. Ndiyo maana changu akidonoa chambo huko chini kabisa, kidole chako kinapata habari papo hapo. Na ndiyo maana pia kila kishindo cha samaki kinafika kwenye fundo kizimakizima. Isitoshe, nyuzi zake ni za polithini, nazo zinateleza mno. Fundo la kuzungusha mara tano na kurudisha ncha, tulilofundishwa na wazee kwa ajili ya nailoni, kwenye uzi huu huachia kidogokidogo mpaka ncha iishe. Halijakatika, limefunguka tu, samaki akaondoka na ndoana.

Ushahidi unao mkononi, usiutupe. Kabla hujalaumu dukani ulikonunua mshipi, isome ncha iliyorudi. Ikiwa imekatwa safi, hayo ni meno: nguru au mzia amepita, na mara nyingine tumia kipande cha waya. Ikiwa ina manyoya na imechubuka kwenye urefu mrefu, ni matumbawe. Ikiwa imejikunjakunja kama springi ya kalamu, fundo limeteleza, na hapo mshtakiwa ni aliyelifunga.

Sasa kisingizio cha pili, ambacho hutolewa kwa fahari: "Fundo hili limeshatoa samaki watatu." Haya ndiyo maelezo bora ya kwa nini linapaswa kukatwa! Kila samaki mzito amelikaza, nyuzi zimesagana pale pale zinapopindia, nawe unataka wa nne alijaribu. Baada ya samaki yeyote aliyevuta mshipi ukaisikia breki ya rili ikilia, funga upya. Baada ya ndoana kunasa mwambani ukaivuta kwa nguvu mpaka ikaachia, funga upya, hata kama mshipi haukukatika. Ukianza siku, usiliamini fundo la jana. Samaki wadogo wadogo hawana haja ya kukuhangaisha. Kwao inatosha kulikagua.

Kukagua kwenyewe ni kazi ya vidole. Bana mshipi kwa kucha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada, anzia kwenye ndoana, rudi nyuma taratibu mita mbili tatu. Mshipi mzima hupita laini. Ukisikia kikwaruzo, au sehemu imekuwa bapa, au kuna manyoya yamesimama, kata nyuma ya hapo. Rangi iliyopauka peke yake si ugonjwa. Mishipi hii hupauka kwa matumizi. Manyoya ndiyo ya kuogopa. Tazama pia ncha fupi uliyoiacha kwenye fundo: kama asubuhi ilikuwa ndefu na sasa imebaki chembe, fundo limeshaanza safari.

Mahali pa hila zaidi ni kiungo cha mshipi wa kusuka na kile kipande cha nailoni nene tunachokiweka mbele kwa ajili ya miamba. Wavuvi wa kolekole hupenda fundo la FG: unaikaza nailoni ikae wima, kisha unaisukia mshipi juu na chini, kushoto na kulia, mizunguko kama ishirini, na mwisho unafunga vifundo vidogo vya kuzuia. Ukivuta barabara, mizunguko inaiuma nailoni na rangi ya mshipi inakolea. Ukolevu huo ndio ruhusa ya kutupa chambo. Baadaye, ukiona mizunguko imeachana, au kichwa cha nailoni kimechomoza kinagonga pete za fimbo kila unapotupa, kiungo hicho kimemaliza zamu yake. Kufunga moja kwa moja kwenye ndoana au chambo bandia, fundo la Palomar linatosha: kunja mshipi mara mbili, upitishe kwenye tundu, funga fundo la kawaida, pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, kaza.

Lakini lowesha kwanza. Polithini hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, wakati nailoni hustahimili zaidi ya 200, na msuguano wa kukaza fundo kavu kwa haraka unaunguza nyuzi hata kama hujaona moshi. Mate yanatosha, na hayauzwi. Kisha lijaribu: zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, uvute. Usiuzungushe mkononi, kwani uzi huu mwembamba unakata nyama mpaka mfupa.

Kimebaki kisingizio cha mwisho, cha watu wa hesabu: "Mshipi ni ghali, nikikata kila mara utaisha." Palomar moja inakula kama sentimita 20, na rili ina mamia ya mita. Mshipi ukipungua kweli, ugeuze: upande uliokaa ndani ya rili miaka yote haujawahi kuguswa na jua wala mwamba, hivyo ulete mbele utumie. Ghali ni chambo bandia kilichopotea, na ghali zaidi ni kolekole anayezunguka mwambani na ndoana mdomoni, anaburuta mita kumi za uzi usiooza, mpaka ujinase kwenye matumbawe umfunge hapo, au umpate kasa aliyekuwa anapita.

Kwa sababu hiyohiyo, vipande unavyokata visianguke majini. Vinaelea, na havionekani vizuri. Weka chupa tupu yenye kifuniko karibu na kisanduku cha ndoana, uvisukumie humo kimoja kimoja, na ukishuka ufukweni ushuke nayo.