Jiko Tuliloliingiza Ndani

Jumatatu ya Pasaka tuliwakaribisha wakwe zangu kutoka Moshi, mara yao ya kwanza kufika tangu tuhamie Kimara. Mbuzi nilimfuata mwenyewe mnadani Pugu siku mbili kabla, nikamfunga chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Watoto wakamlisha majani mpaka mdogo wao akamzoea, na asubuhi ya kuchinja ilibidi apelekwe kwa bibi jirani asione. Aliyechinja ni mzee wa Kiislamu wa nyumba ya pili. Ndivyo tunavyofanya mtaani kwetu, ili jirani yeyote atakayesikia harufu asogee ale bila wasiwasi.

Wavu aliushika shemeji, kaka wa mke wangu, na kazi hiyo anaijua. Jiko lilikuwa nusu ya pipa lililopasuliwa na fundi wa kuchomelea na kuwekewa miguu. Mafuta ya taa aliyakataa kabisa, maana nyama hushika harufu yake. Akawasha kwa vifuu vya nazi, akangoja mkaa ukolee na kuvaa majivu, ndipo akapanga mbavu. Maji ya chumvi na limau aliyanyunyiza kidogo kidogo, hasa mafuta yalipodondoka na ndimi za moto kuruka. Hadi saa nane mchana tulikuwa tumemaliza maini, baba mkwe ametengewa kidari chake, kachumbari imechanganywa. Mapaja ndiyo yaliyokuwa bado mabichi ndani.

Mvua ya masika ikashuka ghafla, nzito, ikisukumwa na upepo.

“Shemeji, haya mapaja tunayaachaje?” akaniuliza, maji yakimtiririka usoni.

“Lete makaa ndani,” nikamjibu. Maneno hayo ni yangu, wala sijawahi kumsingizia mtu mwingine.

Tukayachota kwa koleo, tukajaza majiko mawili ya bati, tukayaweka sebuleni karibu na mlango. Madirisha tuliyafunga kwa sababu mvua ilikuwa ikiingia mpaka kwenye makochi. Tulikuwa watu 11. Umeme ukakatika, chumba kikapata joto zuri, nyama ikaendelea kulia wavuni. Moshi haukuwapo, na kwa kuwa haukuwapo, hakuna aliyeshtuka.

Binti yangu alikuwa wa kwanza kusema kichwa kinamgonga. Nikadhani ni jua la mchana. Shemeji naye akaketi sakafuni, akasema miguu imelegea. Tukamwambia apumzike, amesimama motoni tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amesinzia kochini, sahani mapajani, na sisi tukashusha sauti tusimwamshe mgeni. Mke wangu akainama kuichukua ile sahani.

“Mama. Mama!”

Hakuitika.

“Baba, fungua milango! Ni mkaa!”

Mke wangu amekulia Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu watamani kulala na jiko chumbani. Tangu utotoni alionywa juu ya jambo hilo. Tukamnyanyua mama na kochi lake, tukamtoa barazani mvua ikimpiga, wengine wakatambaa nyuma yetu. Dakika zile sijui kuzipima. Alipofungua macho alitapika, akauliza wajukuu wako wapi.

Tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani, akawekewa oksijeni mpaka usiku, akapona. Daktari alitufafanulia kwa upole. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa takribani mara 200. Ndiyo maana mtu huishiwa nguvu huku akivuta pumzi kama kawaida, na usingizi humchukua kabla hajajua kuna hatari. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ndizo dalili za mwanzo. Zikiwapata watu wawili au watatu kwa pamoja katika chumba chenye jiko, msitafute dawa ya kichwa. Tokeni nje kwanza. Hata jiko lililobaki na makaa machache chini ya majivu bado linaitoa hewa hiyo.

Siku hizi chini ya mwembe kuna nguzo nne na paa la bati, pande zote wazi, na jiko la pipa linakaa hapo mwaka mzima. Mama mkwe amekwisha kurudi mara mbili.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunapika kwa mkaa na mvua hutukuta tukiwa na wageni. Ikikukuta na nyama wavuni, iache nyama ilowe. Jiko libaki nje.