Shikamoo, Machicha

Shikamoo, machicha. Najua hujazoea kuamkiwa. Kirikuu ikikupitisha mtaani kutoka kiwanda cha bia cha Ilala, unachuruzika njia nzima na kunuka uji ulioshinda juani; watu huziba pua kwa kanga. Mimi nimekuja kukusifu.

Nakusifu kwa kujua la kutoa na la kubaki nalo. Kimea cha shayiri kikishasagwa na kulowekwa kwenye maji moto, sukari haina subira: hiyo inachuruzika, inageuka pombe, inamlaza baba wa watu mtaroni. Protini yako nyingi haiyeyuki, inabaki nawe kwenye maganda. Basi mnywaji analipia chupa, ng'ombe anapata lishe. Ukikaushwa, protini hufika robo ya uzito wako hivi. Sembe, pamoja na maringo yake yote, haifiki asilimia 10.

Ukoo wenu nao si haba. Binamu yako hamira, yule anayetuama chini ya pipa akidhaniwa tope, ndiye aliyezaa Marmite kule Burton upon Trent, Uingereza, mwaka 1902. Miaka kama kumi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Lucy Wills aliwapa Marmite hiyo wajawazito wa Bombay waliopungukiwa damu, wakapata nafuu. Kilichowaponya baadaye kiliitwa foleti. Tope hilo!

Sasa wataalamu wamekuandama wewe. Wanakuloweka kwenye maji ya alkali ili protini iachie, wanatia asidi igande, wanaikausha iwe unga wa kuchanganya kwenye mikate na biskuti. Na kazi unawapa. Kila lita 100 za bia huacha kilo 20 hivi zako, mbichi, na zaidi ya robo tatu ni maji. Kukukausha kunakula nishati, na ukicheleweshwa siku mbili tatu tu, umechacha. Wengine huita hiyo kasoro. Mimi naona ni mtu mzima aliyekataa kuwekwa foleni.

Jirani yangu mfugaji hana habari na asidi wala alkali. Anakumwaga horini ungali na uvuguvugu, ng'ombe wanasukumana. Jana kaniletea nusu lita ya maziwa. Nikainusa kabla ya kunywa, nikikutafuta. Hukuwamo.