Ng'ombe Walioishinda Laptopu

Ukijua kuwasha laptopu tu, kijiji kizima kinakuita injinia. Mimi steshenari yangu hapa Hirbadaw niliifungua kwa fotokopi na picha za paspoti. Basi! Juzi kaja mpwa wangu, Kidato cha Sita, PCM: "Shikamoo mjomba. Ule waya wa umeme, nguzo hadi nguzo, una urefu gani?" Nikamwambia panda ukapime. Akaniangalia kwa huruma.

Kumbe waya ukining'inia una hesabu zake. Galileo alidai unakaribia parabola. Mwaka 1691 ndipo Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli wakaupatia: ni mchoro wa hesabu iitwayo cosh. Sasa mimi na Bernoulli wapi na wapi? Dogo kaninyang'anya kiti changu, kafungua Python, kaandika import math. Nguzo zimeachana mita 50. Mkazo wa waya ukigawanywa kwa uzito wa kila mita yake, kaweka 200. Kagonga 400*math.sinh(25/200): mita 50.13. Kagonga 200*(math.cosh(25/200)-1): waya unalegea mita 1.56. Yaani sentimita 13 za ziada tu, waya unashuka kimo cha mtu! Na shemeji yenu kila siku ananisema kamba yake ya kuanikia inaburuza mashuka. Mimi namjibu, mbona nimezidisha kidogo tu?

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho kauliza hiyo mashine inahesabu na ng'ombe? Dogo na kiherehere chake: "Inahesabu, babu!" Mzee kamnong'oneza idadi, maana idadi ya ng'ombe haitajwi hadharani. Dogo kaitia kwenye math.cosh. Ikatoka OverflowError: math range error.

Dogo anacheka. Eti cosh inapaa vibaya: 710 bado inajibu, namba ya tarakimu 309, lakini 711 jibu linapita namba kubwa kabisa ambayo math.cosh inaweza kutoa. Nani wa kumweleza mzee hayo? Mimi! Nikajikaza: "Mzee, mashine imeshindwa."

Kosa gani hilo! Mzee kasimama, kashika fimbo, kaenda na habari hiyo mnadani. Ng'ombe zake zimeishinda kompyuta. Sasa kila mwenye zizi anakuja kupimwa. Mwenye kumi na tano akipata jibu, ananuna, anataka laptopu nyingine. Fotokopi hanunui mtu. Na yule mzee hajalipa ile kopi. Nikimdai, anauliza mashine yangu imepona?