Buti Lililoomba Ruhusa ya Kushuka

Usiku wa tarehe 18 Septemba 1916. Wajerumani wanahama Tabora. Wabelgiji wataingia asubuhi. Stesheni kuna kelele za masanduku na matusi ya lugha mbili. Hatua chache kutoka relini, chini ya mwembe mkubwa, limetupwa buti moja la baharia, la mguu wa kulia. La kushoto limeondoka na mwenyewe. Ndani, penye vidole, ameingia Bibi Funza, ambaye alikuwa akipita vumbini akaona nyumba haina mpangaji.

BUTI: Kuna mtu hapo?

MWEMBE: Mwadila.

BUTI: Unasemaje?

MWEMBE: Unasalimiwa, kijana. Aliyetupwa kwenye kivuli cha mtu husalimia kwanza.

BUTI: Sikutupwa, mzee. Niko katika ruhusa ya kushuka pwani.

MWEMBE: Pwani iko mbali, kilomita 840 hivi kwa hiyo reli. Umeshuka sana.

BUTI: Mimi ni buti la meli ya Kaisari! Möwe, kwa lugha ya kwetu ni shakwe.

MWEMBE: Manowari?

BUTI: (kwa sauti ya chini) Ya kupima kina cha bahari. Lakini ilikuwa na vizinga.

FUNZA: Nyumba yako nzuri, bwana. Ina unyevunyevu.

BUTI: Nani huyo ndani yangu?

FUNZA: Mpangaji. Endelea tu, nasikiliza.

BUTI: Basi sikilizeni, maana miaka miwili nimekosa wa kumlalamikia. Agosti 1914 tuko bandarini Dar es Salaam. Zamu yetu ya kushuka imefika, mwenyewe amenipaka dawa mpaka anajitazama kwenye ncha yangu. Mara Waingereza wanapiga mizinga. Kesho yake, badala ya kutoka tukapigane, wakubwa wetu wakaizamisha Möwe palepale. Sote tukashuka.

MWEMBE: Basi ruhusa mlipata.

BUTI: Ruhusa ni kushuka ukijua meli inakungoja, mzee! Ukishuka wewe na meli nayo ikashuka, hiyo ni ruhusa gani?

MWEMBE: Ndefu.

BUTI: Wakatupakia kwenye gari moshi hadi Kigoma. Eti tutapewa meli nyingine. Nikauliza iko wapi, nikaonyeshwa masanduku. Masanduku 5,000 hivi! Goetzen iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungashwa kama seti ya vikombe, ikaja kuunganishwa upya ufukweni Kigoma. Februari 1915 ikaingia majini. Na mpaka leo sijamwelewa aliyetafsiri neno pwani, kwa sababu kule tuliposhuka ruhusa ilikuwa Ujiji, na Ujiji kuna dagaa. Dagaa wamekaushwa, dagaa wanakaushwa, na dagaa wanaongoja zamu ya kukaushwa. Ninuse.

FUNZA: Nimeshanusa. Sikutaka kukuaibisha.

BUTI: Na hiyo ruhusa yenyewe! Maofisa wanashuka saa nane. Sisi tunashuka saa kumi na moja. Saa kumi na mbili tarumbeta ya kurudi. Kwa saa moja utafanya nini zaidi ya kulaza soli mchangani na kuugua homa? Halafu Julai mwaka huu, tarehe 26, amri ikatoka: Goetzen nayo izamishwe, Wabelgiji wasiipate. Injini tukazipaka grisi, kwa utaratibu, kama bibi harusi anavyosingwa. Tukiisha kumpamba, tukamzamisha. Mzee Mwembe, mimi ni baharia niliyezamishiwa meli mbili na wenzangu. Adui hajawahi kunigusa.

MWEMBE: Pole. Na hapa Tabora je?

BUTI: Hapa ndipo palinimaliza. Mji una makao ya serikali, una ngome, una asali hata inakera. Siku ya ruhusa tukaenda kutafuta wanzuki. Mwenyewe akatoa hela 20. Hizi mpya, za mwaka huu, zinazogongwa humuhumu kwenye karakana ya reli kwa shaba ya maganda ya risasi. Mwenye duka akaigeuza, akainusa, akauliza: "Hii juzi si ilikuwa inalipuka?" Akasema anazitaka zile za dhahabu, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Baharia na tembo wa dhahabu wapi na wapi! Tukarudi na kiu. Ile hela mwenyewe aliificha humu kwenye ncha, asiibiwe. Kisha mguu ukavimba, buti likashindwa kuingia, nikatupwa. Namaanisha, nikaachwa katika ruhusa.

(Mwandishi anaomba kuingilia kidogo: utawala ule uliondoka na bendera yake, rupia zake na tarumbeta yake, ukatuachia neno hela. Watu hawalitafuti neno kama wanavyolitafuta hilo.)

MWEMBE: Umemaliza?

BUTI: Sijamaliza, lakini nimechoka.

MWEMBE: Mimi nilitemwa hapa. Kokwa. Mpagazi alikula embe la Mwarabu wa Kazeh, jina la zamani la hapa, akatema, akainua mzigo, akaenda. Nimewaona wakiondoka kwenda pwani mwaka baada ya mwaka. Pembe begani, frasila mbili, ndiyo kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele kirangozi, baragumu linalia. Wanapita Mgunda Mkali, pori ambalo kisima kikikauka hakuna wa kumlalamikia. Wanapita Ugogo, wanatozwa hongo ya njia na ya maji. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita, inalipwa mchana kweupe. Miezi mitatu. Kule mwisho, Bagamoyo. Huko ndiko kulikokuwa kushuka kwao.

BUTI: Walikuwa na ruhusa?

MWEMBE: Walikuwa wanangoja mzigo wa kurudi nao. Wengine wiki, wengine miezi. Kijana wa Kinyamwezi asiyeiona bahari nani angempa mke? Kwa hiyo walikwenda wakiimba. Wakirudi wanakaa hapahapa ulipolala wewe, nami nasikia: bahari ni maji mengi yasiyonyweka. Homa ya pwani haina adabu. Ujira ni doti za merikani, ukifika dukani doti inapungua mkononi mwa mwenye duka kabla hajaikata. Na nyapara hupata kivuli kwanza. Hebu niambie, kijana, yapi katika hayo hujayasema wewe usiku huu?

BUTI: Dagaa.

MWEMBE: Kweli. Dagaa hawakuwasema.

BUTI: Lakini wao walizoea kutembea, mzee. Mimi ni wa sitaha.

MWEMBE: Sanduku la bwana wako, kutoka stesheni mpaka kambini, lilibebwa na nani?

BUTI: Mpagazi.

MWEMBE: Jina lake?

BUTI: Sikuuliza. Mimi ni buti.

FUNZA: Mkinikaribisha nitasema neno. Baharia wa kweli humu ni mimi.

BUTI: Wewe?

FUNZA: Mwaka 1872 bibi yetu alitoka Brazili kwa meli iitwayo Thomas Mitchell, ndani ya mchanga wa farumi. Akashuka Ambriz, pwani ya Angola. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Aliona mguu, akapanda. Tukaingia Kongo, misafara ikatupokea, tukavuka ziwa lako hilo la dagaa, tukapita hapa Unyanyembe, na kabla karne haijaisha tulikuwa Zanzibar. Bara zima, kwa miguu.

BUTI: Miguu yako inaweza hayo?

FUNZA: Ya watu. Stanley aliandika vitabu vinono juu ya safari zake. Sisi tuliandika kwenye vidole, na waliotusoma hawakutusahau.

BUTI: Ngoja. Mguu wa mwenyewe, kidole gumba...

FUNZA: Shangazi yangu. Usimlaumu, alikuwa mjamzito, na kiatu chenye joto hakijawahi kumfukuza mgeni. Hao Wabelgiji wanaokuja asubuhi wanatoka Kongo, njia yetu ileile. Kwangu mimi ni kama kupokea ndugu.

BUTI: Mzee Mwembe, mtoe huyu!

MWEMBE: Mimi hutoa maembe tu. Nyamaza, mtu anakuja.

Akaja mpagazi, peku, sanduku la makaratasi ya serikali kichwani. Akalitua, akaketi kwenye mzizi. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuketi. Nyapara alikuwa ameshughulika kumtukana mwingine. Akavunja mwiba, akajichokonoa kidole cha mguu kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi hiyo tangu utotoni, akatoa kipunje cheupe, akakisaga kwenye jiwe. Bibi Funza alikaa kimya ndani ya buti. Kila ukoo una misiba yake.

Kisha akaliona buti. Akalikung'uta, hela 20 ikaanguka. Akaiuma, akaitazama kwa mwanga wa moto wa stesheni, akaifunga kwenye pindo la nguo. Akajaribu kuingiza mguu. Buti lilikuwa jembamba. Akachomoa kamba zake, akazitumia kukaza sanduku lililokuwa linafunguka.

BUTI: Kamba zangu! Mwambieni mimi ni mali ya Kaisari!

MWEMBE: Mwambie mwenyewe. Na ukimwambia, muulize jina.

Buti halikuuliza. Nyapara aliita, mpagazi akainua mzigo wake na kushika njia ya mashariki. Mwembe alipomwita Bibi Funza hakujibiwa. Alikuwa ameruka wakati mguu ulipojaribiwa, na sasa alikuwa safarini tena, bila tiketi, chini ya ukucha.

BUTI: Mzee, meli ikija utaniamsha?

MWEMBE: Ikipita hapa, nitakuamsha.

Goetzen iliibuliwa ziwani mwaka 1924, injini zikafaa tena kwa sababu ya ile grisi, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Buti halikuitwa.