Kadi Iliyogoma Kunena

Katika maradhi yote yaupatayo mtambo wa kompyuta, sijaona yenye hila kuliko yale ya kadi ya mtandao inayoacha kupeleka habari ilhali taa zake zinaendelea kupepesa kwa bashasha. Kwani mtambo uliozimika hutangaza mauti yake waziwazi, wenyewe wakaomboleza na kutawanyika, walakini mtambo unaopepesa huwaweka watu kitako, kila mmoja akiamini kwamba zamu yake imekaribia.

Shemeji yangu alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na mwaka 2009, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipowashwa Dar es Salaam mwezi Julai, alisadiki kwamba kasi ile ingepanda treni ya Reli ya Kati na kuteremka stesheni ya Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kabla ya Krismasi. Kwa imani hiyo akanunua kompyuta kuukuu, akaitia Linux kwa sababu haina malipo, kisha akaipachika kadi ya mtandao iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani, jambo alilolitaja kwa fahari mpaka siku lilipoanza kutajwa na wateja.

Asubuhi barua pepe zilitoka bila taklifu; ikifika adhuhuri, kimya. Mama ntilie wa jirani aliapa kwamba ni wale wadudu wa ziwani, ambao hutanda kama moshi juu ya maji na kuingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, sembuse kompyuta. Fundi wa kwanza alibadili waya, akalipwa. Wa pili alibadili swichi, akalipwa zaidi, kwa kuwa alikuja na mkoba. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa kutoka Ukerewe, mzee mwenye subira na kofia safi, alikuwa na barua ya kumwuzia mnunuzi wake wa Lubumbashi magunia 40, na kila alipopita alibonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma, kwa kidole kimoja, kwa adabu.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Barua yangu imeondoka?”

“Bado, Mzee. Iko njiani kuondoka.”

“Ningempa baharia wa MV Victoria, sasa hivi ingekuwa Bukoba.”

Sasa, kadi za aina ile zina nafasi 4 tu za kuwekea pakiti zinazongoja kutoka. Draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, huzijaza nafasi hizo, kisha hungoja ishara kutoka kwa kadi kwamba mzigo umekwenda. Ishara isipofika, draiva haipakii tena hata pakiti moja. Aliyepata kukaa foleni ya Kigongo zama za vivuko, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, hahitaji tafsiri: kivuko kimekwisha kuvuka, kimeshusha, kimerudi kitupu, walakini karani wa geti hajapata taarifa, na maadam hajapata taarifa, magari yatalala. Linux, kana kwamba inaijua tabia ya makarani, imeweka mlinzi wa kutazama saa. Sekunde kadhaa zikipita bila kitu kutoka, mlinzi huyo huandika malalamiko katika kumbukumbu za mfumo, kisha huamuru kadi izinduliwe upya.

Malalamiko hayo yalikuwa yamejaa tele, ila hakuna aliyeyasoma, mpaka alipotokea mwanafunzi wa chuo aliyeomba ujira wa soda tu, na kwa sababu hiyo kila mtu alimdharau. Alisoma saa za malalamiko, akanyanyua macho, akamtazama binti aliyekuwa karani wa duka.

“Dada, saa sita mchana huwa unafanya nini?”

“Nasikiliza kwaya,” alijibu, na kweli spika zilikuwa zikiimba.

Kadi ya sauti na kadi ya mtandao, kama ilivyokuwa ikitokea katika kompyuta za zamani, zilikuwa zikigawana njia moja ya ishara, na kwaya ilipopamba moto, ishara za mtandao zilipotea humo. Shemeji alifadhaika, kwani binti alikuwa mcha Mungu na mtandao ulikuwa na deni. Kijana aliwaokoa wote kwa kuing’oa kadi ya mtandao na kuihamishia tundu jingine la mazabodi, lenye njia yake peke yake. Sopurano zikapaa, na barua zikatoka.

Zikatoka zote. Kila Mzee alipobonyeza kitufe, nakala nyingine ya barua yake ilikuwa imejipanga foleni, na sasa zikaenda Lubumbashi moja nyuma ya nyingine, kila moja na magunia yake 40. Jibu lilikuja kabla ya magharibi: mnunuzi alimshukuru kwa ukarimu, akasema anachukua shehena yote. Mzee alilisoma, akavua kofia, akauliza boti ya mwisho ya Nansio inang’oa nanga saa ngapi.